Sista na Jina Lililokataa Kushuka

Ukifika zahanati yetu kule Nyanungu ukamkuta Sista, hukuulizwa habari za nyumbani. Uliulizwa, "Simu yako ina chaji?" Mimi nilikuwa namwamkia shikamoo, naye anaitikia, "Marahaba, chaji?" kwa pumzi moja. Ikiwa chaji imepungua, ole wako. Anakunyang'anya simu, anaichomeka kwenye waya wa sola pale dirishani, na wewe unakaa kwenye benchi la wajawazito mpaka ijae, wanawake wakikucheka.

Alikuwa muuguzi mkunga, na ndiye mfawidhi, yaani mkubwa wa zahanati, ila hilo neno mfawidhi lilibaki kwenye barua za wilayani. Kwetu alikuwa Sista basi. Mimi ni dereva wa Noah. Nilikuwa napiga safari za Sirari na Tarime kabla haujaja ule mpango wa kuwabeba wajawazito kwa kupiga simu: mama akizidiwa, nesi anapiga namba ya bure, watu wa wilayani wanamtafuta dereva aliye karibu, dereva anambeba mpaka hospitali. Mpango ulipofika kwetu, Sista aliniandikisha bila kuniuliza. "Gari lako bovu," aliniambia, "lakini wewe hunywi. Gari linatengenezeka." Nilikasirika wiki nzima. Halafu nikaenda kutengeneza gari.

Ndani ya gari alikuwa balaa. Haangalii barabara, anaangalia mshale wa spidi. Ukipunguza anakuuliza umeona nini. Ukiongeza anakuuliza unampeleka nani kaburini. Nimebeba wanasiasa, nimebeba wachimbaji wenye dhahabu mfukoni na hofu machoni, hakuna abiria aliyewahi kunitoa jasho kama yule mama. Na wakati huohuo mkono wake uko nyuma, umeshika mkono wa mgonjwa, unapapasa, na sauti yake kwa mgonjwa ni nyingine kabisa, ya chini, ya kubembeleza. Akinigeukia mimi inarudi ileile ya kunifokea.

Kila kitu kipya kilichotoka wilayani, wengine walikificha kabatini kisije kikaharibika, yeye alikitumia mpaka kikachubuka. Friji la chanjo la sola lilipoletwa alilikalia chonjo siku za mwanzo kama mtoto mwenye surua. Vilipokuja vishikwambi vya kuandikia wagonjwa, cha kwake alikiita Mkwe. Nilimuuliza kwa nini Mkwe. Akasema, "Mkwe anaheshimiwa, lakini hazoeleki." Alikifuta kwa kanga yake safi, na hakuruhusu mtu kukigusa akiwa ametoka kula ugali.

Alipenda ile mashine kwa sababu moja, na alinieleza wazi. Zamani, mama mwenye hatari alijulikana na yeye tu. Akiandika kwenye karatasi, karatasi inakaa zahanati, mama anafika hospitali akiwa mgeni, wanaanza kumuuliza jina huku anakata roho. Sasa akimwandika kwenye Mkwe, na mama akiwa na hatari, jina lake linawaka jekundu, na wilayani wanaliona jekundu hilohilo. Wanajua anakuja. "Nataka wamngoje," alisema. "Mgonjwa anayengojwa hafi ovyo."

Na alikuwa na msemo wake, aliwapigia kelele manesi wadogo mpaka sisi madereva tukaushika: "Ukiidanganya mashine leo, kesho itakudanganya wewe." Mtu hajapimwa presha, usiandike amepimwa. Mama hajui tarehe, andika hajui. Hilo lilikuwa jambo takatifu kwake, na ndilo lililokuja kumtia matatani.

Ngoja kwanza niseme habari ya mtandao, maana asiyekaa mpakani hawezi kujua. Huku kwetu simu haina pasipoti. Umekaa Tanzania, miguu yako iko Tanzania, simu yako iko Kenya. Mchana mmoja mama alijifungua pale zahanati, kondo likagoma kutoka, damu ikawa inamwagika. Nesi mdogo akapiga ile namba ya bure. Akajibiwa na sauti ya mwanamke wa Nairobi kwamba namba hiyo haipo. Akapiga tena. Haipo. Mtoto wa watu analia, anapiga, na kila akipiga simu inavuka mpaka. Sista alikuwa na mikono yote miwili kwa mgonjwa, hawezi kumwacha. Akapiga ukelele kutoka ndani, "Toka hapo! Nenda kwenye tangi, geukia Tarime!" Nesi akakimbia mpaka nyuma ya tangi la maji ya mvua, akageukia Tarime, simu ikarudi nyumbani. Mimi nilikuwa karibu, nikaja kama kichaa. Yule mama alipona, namshukuru Mungu.

Kesho yake alipanga mawe nyuma ya tangi, akayapaka chokaa, akatangaza kwamba kila simu ya mjamzito inapigwa ukiwa umesimama ndani ya mawe yale, basi. Mkaguzi mmoja alitoka mjini akauliza kama ni kaburi. Sista akamjibu, "Lingekuwa."

Alikuwa na vituko vyake. Aliimba sauti ya pili kanisani, mama wa heshima kabisa, halafu akiwa kazini anatukana kwa Kikurya kwa sauti ya chini akidhani wagonjwa hawasikii. Wagonjwa wote Wakurya! Wanajifunika kanga wanacheka. Aliwahubiria wanaume waje kliniki na wake zao, akawatisha, akawapa namba za kwanza kwenye foleni, lakini mwanaume akifika anamwona kikwazo: "Baba, sogea, unanizibia mwanga." Hakuogopa damu, hakuogopa mkuu wa wilaya, ila bodaboda aliiogopa kama simba. Alikuwa radhi atembee mlima mzima kwa miguu.

Sasa Bhoke.

Kwetu Wakurya kuna ndoa tunayoiita nyumba ntobhu. Mama mjane asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa msichana. Ndiyo, mwanamke anaoa mwanamke, tena kwa mahari halali na wazee wamekaa. Yule msichana anatafutiwa, au anajitafutia, mwanaume wa kumpa mimba, na huyo mwanaume hana chake. Anapita. Mtoto ni wa yule mama aliyetoa ng'ombe, ni wa nyumba yake, anabeba jina la nyumba hiyo na ndiye anairithi. Kila mtu kwetu anajua. Hakuna anayemuuliza mtoto wa namna hiyo baba yake ni nani. Ni matusi.

Bhoke alikuwa ameolewa hivyo na Bibi Robi, mjane mwenye mji mkubwa, yaani boma, kule juu mlimani, mama mkali, aliyezika watoto wake wote. Hiyo ikawa ndiyo mimba ya kwanza ya Bhoke, na presha yake ikawa inapanda vibaya. Sista aliipima, akarudia kuipima. Alitaka amwandike kwenye Mkwe hapohapo, liwake jekundu, hospitali wamjue. Akaandika jina, umri, presha. Akafika ukurasa wa mwenza. Jina la mwenza, jinsi ya mwenza, simu ya mwenza. Akaandika Robi, mwanamke. Mashine ikakataa. Akaacha wazi. Ikakataa. Bila mwenza mwanaume ukurasa haufungi, na usipofungwa lile jekundu halipandi kwenda wilayani.

Angeweza kuandika uongo wowote. Manesi wengine walikuwa wanajaza jina la kaka, la mjomba, la mtu yeyote, maisha yanaendelea. Lakini Sista wetu haidanganyi mashine! Akamwinamia Bhoke sikioni, akamuuliza nani hasa aliyempa mimba. Bhoke, binti wa watu, amezoea kumtii, akamwambia. Alikuwa kijana mchimbaji, amekuja kutoka mkoa mwingine kutafuta dhahabu kwenye mashimo ya Kemambo. Sista akaandika jina lake na namba yake ya simu. Ukurasa ukafunga. Jekundu likapanda. Aliniambia baadaye kwamba siku ile alifurahi.

Kumbe ile mashine ina tabia ya kuwatumia ujumbe waume. Kijana yuko shimoni Kemambo, anatoka juu kupumua, simu inalia: mwenza wako ana miadi ya kliniki, tafadhali msindikize. Sasa huyo si Mkurya, mila zetu hazijui. Alichojua ni kwamba alikuwa na binti akampenda, binti akakatazwa kumwona, na leo serikali yenyewe inamwita baba. Mimi simlaumu hata kidogo. Alikuja siku ya miadi amevaa shati la kupigwa pasi, ana beseni jipya, sabuni, na nguo ndogo za mtoto. Akakaa kwenye benchi. Bhoke alipomwona alifunika uso.

Bibi Robi alikuwa amemsindikiza. Alimtazama kijana, akalitazama beseni, akauliza nani kakuita. Kijana akatoa simu akamsomea ujumbe kwa sauti, kwa adabu, akijua anaonyesha haki yake. Bibi Robi hakupiga kelele. Alimshika Bhoke mkono, akaondoka naye, na alipompita Sista mlangoni akamwambia, "Umeingiza mwanaume kwenye nyumba yangu."

Kuanzia hapo Bhoke hakuonekana kliniki. Habari ikashuka kwamba atazalia nyumbani. Sista akaanza kukonda. Alijua ile presha itafika wapi, alinieleza: atashikwa na kifafa cha mimba, na nyumbani hakuna wa kumzuia asife. Alijaribu kulifuta lile jina. Mashine ikamwandikia hana ruhusa. Akasimama ndani ya mawe yake, akawapigia wilayani. Kijana wa mitambo akamjibu vizuri tu, "Sista, taarifa ikishapanda haishuki. Mpaka makao makuu." Akapiga makao makuu. Wakamwambia aandike barua. Akaandika. Wakamwambia wameipokea.

Akaniambia nimpeleke kwa Bibi Robi. Gari lilifika pale linapofika, tukapanda kwa miguu. Bibi Robi alitupokea uani, kiti hakutupa. Sista, yule mkali ninayemjua mimi, alipiga magoti kwenye mavi ya ng'ombe.

"Mama, niachie Bhoke. Atakufa."

"Toa jina, na mimi nitatoa mtu."

"Nimejaribu. Ni wakubwa wanaoweza."

"Ulipoliingiza uliomba wakubwa?"

Utamlaumu nani, mura? Yule bibi alikuwa na haki. Ng'ombe alitoa yeye, wazee walikaa kwake, na sasa kuna karatasi ya umeme huko Dodoma inasema mji wake una bwana mwingine. Na Sista naye alikuwa na haki. Tuliteremka mlima, na garini Sista hakuuangalia mshale wa spidi.

Siku ilipofika ilikuwa asubuhi, watu wako mashambani wanavuna mahindi. Jirani wa Bibi Robi alishuka mbio mpaka zahanati: Bhoke analalamika kichwa kinamuuma, na haoni vizuri. Sista aliingia garini na sindano zake kabla sijawasha, huku akimpigia kelele nesi akimbilie kwenye mawe awapigie hospitali. Safari hii niliipandisha Noah mahali ambapo gari halijawahi kupita, nikasikia chini linakwaruza mawe, nikasema potelea mbali.

Bibi Robi alikuwa amesimama kwenye lango la mji, fimbo imelala kutoka nguzo hadi nguzo. Ndani tulisikia wanawake wakiita jina la Bhoke, wanamwita kwa namna mtu anavyoitwa asipoitika. Sista hakupiga magoti safari hii. Alisimama mbele ya ile fimbo.

"Naapa mbele ya dereva huyu. Lile jina litatoka. Nikishindwa usiidai serikali, nidai mimi. Niko hai, njoo kwangu. Nikiwa mzee, njoo. Lakini nipishe sasa hivi."

Bibi Robi akaiondoa fimbo, akasema, "Mpelekeni," na yeye mwenyewe akaingia garini, akampakata Bhoke kichwa.

Bhoke alishikwa na degedege njiani. Sista alimchoma sindano gari likiwa linaruka kwenye mashimo, huku anaimba, kweli anaimba, ile sauti yake ya pili ya kanisani, na mimi machozi yananitoka ninaendesha. Tulipofika hospitali walikuwa mlangoni. Machela iko nje, daktari yuko nje, wanamwita Bhoke kwa jina. Jekundu lilikuwa limewafikia tangu zamani, wanajua presha yake, wanajua ni mimba ya kwanza, chumba cha upasuaji kiko tayari. Hakuna aliyeuliza swali. Ile mashine ndiyo ilimwokoa Bhoke, siwezi kusema vingine. Alipona, na mtoto akatoka mzima, wa kiume.

Tukashikana mikono. Bibi Robi alipiga vigelegele, sauti yake yote. Halafu nesi wa zamu akatoka na kishikwambi, akasoma kwa furaha, kwa sauti ya kuwapongeza, jina la baba wa mtoto. Lile. La kijana wa Kemambo. Bibi Robi alikata kigelegele katikati.

Miaka ikapita. Sista alistaafu na jina halijatoka. Kila mkubwa aliyekuja kukagua, kabla hajanywa chai, aliambiwa habari ya lile jina, na kila mmoja alitikisa kichwa akasema ni changamoto. Kijana wa Kemambo alihamia mashimo ya mbali, lakini alituma salamu kwa wenzake: mtoto akikua nitakuja kumchukua, serikali inanijua. Kila salamu hiyo ilipofika kwa Bibi Robi, ilifika kwa Sista pia. Nilisikia Sista amehamia kwa ndugu zake upande wa Serengeti, huko Nyambureti, analima mtama. Nikadhani amepumzika.

Juzi nilipeleka mgonjwa hospitali. Pale dirisha la kumbukumbu, kwenye foleni, nikaona kanga ninayoijua. Sista. Amezeeka, mgongo umeinama, ametoka Nyambureti kwa basi la alfajiri. Na kando yake, akiegemea fimbo, Bibi Robi, amekauka, macho yana ukungu.

"Shikamoo Sista. Unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi." Akamwonyesha mwenzake kwa kidevu. "Huyu ndiye anaumwa. Hataki kufa na lile jina."

Zamu yao ikafika. Kijana wa dirishani alikuwa mpole. Alitafuta, akaliona, akasema mfumo umebadilishwa siku hizi, kurekebisha kunawezekana hapahapa. Nilimwona Sista ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili. Kijana akalifuta lile jina mbele yetu. Pakabaki patupu. Akauliza, kwa heshima, "Haya, baba wa mtoto ni nani?"

"Ni mimi," akasema Bibi Robi.

Kijana alimtazama, akamtazama Sista. Sista akatikisa kichwa kukubali. Kijana akaandika Robi. Akabonyeza. Akangoja. Akakuna shingo.

"Bibi, mfumo unakataa. Unataka mwanaume. Na nisipoweka mtu, lile la zamani linarudi lenyewe."

Nyuma yetu foleni ilianza kunung'unika. Kuna mtu alisema wazee waandike jina lolote wasogee, mbona ni jambo dogo. Bibi Robi hakuelewa lile la mfumo, alimgeukia Sista kumuuliza kwa Kikurya kama limetoka. Sista aliinama dirishani.

"Mwanangu, andika tena."

"Nimeandika, Mama. Umekataa."

"Nimesikia. Andika tena Robi."

Kijana akaandika tena.